Mtoto wa Nairobi na mbu wa Pwani

KILA Januari, kuanzia juma la pili hivi, foleni katika kliniki yangu hapa Eastlands huwa na watoto wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa kila siku, wenye mafua, kikohozi na kuhara. Wa pili wana dalili zizo hizo, ila mama zao huniletea mabuyu. Pakiti ndogo ya mabuyu mekundu, au chupa ya achari ya maembe, ishara ya shukrani kwa daktari. Zamani nilikuwa nikishukuru na kuyaweka mabuyu kwenye droo. Siku hizi nikipewa mabuyu huuliza kwanza: mlirudi lini kutoka Pwani, na mlilala wapi?

Swali hilo nilijifunza kwa njia mbaya. Januari moja, miaka michache iliyopita, mama mmoja kutoka mtaa wa Kaloleni, kando ya Barabara ya Jogoo, aliniletea mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto alikuwa na joto jingi, amekataa uji tangu jana yake, na anakohoa kidogo. Nilimtazama koo, nikaona limewiva. Nikasema ni mafindofindo, nikaandika dawa ya maji na panadol, nikamwambia mama arudi baada ya siku tatu iwapo homa haijashuka. Foleni ilikuwa ndefu. Sikuuliza kama walisafiri, naye mama hakusema, kwa maana nani humweleza daktari habari za Krismasi wakati mtoto anaungua?

Hakungoja siku tatu. Usiku wa pili wake, saa tano hivi, mtoto alishikwa na degedege. Alipofika kwangu akiwa mikononi mwa babake, macho yalikuwa yamegeuka juu na viganja vyake ni vyeupe. Hapo ndipo mama akasema, kama anayekumbuka jambo dogo, “Daktari, tulikuwa ushago Krismasi. Kilifi.” Nilimtoboa mtoto kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, na mistari miwili ikatokea hata kabla ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha. Tulimpeleka hospitali kubwa kwa gari langu mwenyewe, mama akiwa nyuma akimwita mtoto jina lake njia nzima.

Nitasema baadaye alivyoendelea. Kwanza tutazame jinsi mambo kama haya yanavyotokea, kwa sababu likizo inakaribia na najua nyumba nyingi za Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole tayari zimeanza kuhesabu nauli.

DAMU YA PWANI

Baba wa mtoto yule alikuwa mtu mwelewa, ana kazi yake Eneo la Viwanda. Asubuhi yake, tukiwa kwenye benchi nje ya wadi, aliniambia neno ambalo nimelisikia mara nyingi. “Daktari, huyu ni damu ya Pwani. Mimi nimezaliwa Kaloleni ile yetu ya Kilifi, nimelala hapo miaka kumi na minane bila neti. Malaria itamfanya nini?”

Hapa Nairobi tuna Kaloleni na Kilifi kuna Kaloleni, kama ambavyo tuna Makadara na Mombasa ina Makadara. Mtu anaweza kutoka Kaloleni hadi Kaloleni akadhani hajaondoka kwao. Lakini kati ya hizo mbili kuna mteremko wa zaidi ya mita elfu moja, na huo mteremko ndio kiini cha habari yetu.

Kimelea cha malaria hakizaliwi na mbu akiwa nacho. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi hukinyonya pamoja na damu ya mtu mgonjwa, kisha kimelea lazima kikomae ndani ya tumbo la mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Katika joto la Pwani, kazi hiyo huchukua siku kumi hivi. Katika baridi ya Nairobi, mji ulio takribani mita 1,700 juu ya bahari, huchukua majuma mengi, na mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kimelea hakikui kabisa. Ndiyo sababu unaweza kuumwa na mbu Dandora usiku kucha, ukaamka na vidonda vya kujikuna lakini bila malaria. (Wataalamu wana wasiwasi na mbu mgeni aitwaye Anopheles stephensi, anayependa matangi ya maji ya mijini, ambaye mwaka 2023 ilitangazwa kuwa amepatikana Marsabit. Hilo tutaliandika siku nyingine.)

Sasa kuhusu kinga. Mtoto anayekulia Ganze au Msambweni huumwa na mbu wenye malaria mara kwa mara tangu uchanga. Huugua, hupona, huugua tena. Kwa kila mara mwili wake hujifunza kidogo, hata afikapo utu uzima vimelea vikiingia hupata homa ndogo tu au asihisi chochote. Kinga hiyo hairithiwi kama pua au rangi ya macho. Hununuliwa kwa kuugua, tena hupungua mtu akikaa miaka bila kuumwa. Mama aliyeishi Pwani humpa mtoto wake tumboni kinga kiasi ya miezi ya mwanzo. Mama aliyeishi Nairobi miaka kumi ana kidogo sana cha kumpa.

Kuna kitu kimoja mtoto anaweza kurithi, nacho ni selimundu. Aliyepata nembo hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini aliyeipata kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa wa selimundu, malaria kwake ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, na huyo hapaswi kupanda basi la Mombasa kabla hajaonana na daktari wake.

Nilimweleza yule baba hayo yote, kisha nikamwuliza mama yake mzazi alijaliwa watoto wangapi. Akasema wanane. Nikamwuliza waliokua ni wangapi. Akanyamaza kidogo, akasema, “Sita.” Hatukuendelea na mazungumzo yale.

MALARIA BADO IKO

Wapo watakaoniambia kwamba malaria Pwani imekwisha. Ni kweli imepungua sana. Miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI walioko Kilifi waligawia vijiji vyandarua vilivyotiwa dawa na kuviacha vijiji vingine kwa muda ili walinganishe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha vifo vya watoto wachanga na wa chini ya miaka mitano vikipungua kwa karibu theluthi moja katika vijiji vyenye vyandarua. Tangu hapo vyandarua vimesambazwa kwa wingi, na dawa nazo zimekuwa bora. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea katika damu ya takribani watoto 5 kati ya kila 100 katika maeneo ya Pwani yenye malaria. Katika eneo la Ziwa walikuwa 19.

Watano katika mia si wengi, utasema. Lakini watoto hao watano wanalala nyumba moja na wako, na mbu hachagui. Tena msimu hauko upande wetu. Malaria ya Pwani hupanda baada ya mvua za masika, yaani miezi ya Juni hadi Agosti, na tena baada ya vuli, Disemba na Januari. Ukizitazama tarehe hizo vizuri utaona likizo zetu za Agosti na Disemba zimo ndani yake.

CHANDARUA CHA MAMA MKWE

Kinga ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, ni chandarua kilichotiwa dawa. Katika kampeni kubwa za serikali za kugawa vyandarua, Nairobi huwa haimo kwa sababu malaria hapa ni kidogo. Kwa hiyo nyumba nyingi za Eastlands ama hazina neti, au zina ile ya mapambo, ya duara, isiyotiwa dawa yoyote. Nunua iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba imetiwa dawa ya kudumu, ifungue, uianike kivulini siku moja kabla ya kuitumia.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya udaktari haviligusi. Mama wa mtoto aliniambia kwamba alikuwa na chandarua. Alikibeba hadi Kilifi, kikabaki kwenye begi. Hawe, yaani nyanya wa mtoto, alikuwa amewatandikia kitanda chake mwenyewe, na chandarua cha nyumba hiyo kilikuwa kimewafunika wajukuu wanne waliolala mkekani. Mkaza mwana angetoaje chake na kuanza kupigilia misumari kwenye ukuta wa mama mkwe, kana kwamba nyumba ile ni chafu? Akaona ni aibu. Siku kumi na mbili mtoto akalala wazi.

Ushauri wangu kwa jambo hilo si wa kitabibu. Nunua vyandarua viwili au vitatu. Kimoja mpe bibi mkononi, pamoja na sukari na leso, siku ile ile mnapofika. “Mama, tumekuletea neti mpya, na sisi tumekuja na yetu.” Sijasikia nyanya aliyekasirika. Na kazi ya kukifunga aifanye baba, kwa sababu ni kwao.

Chandarua kifungwe kabla ya giza, kingo zichomekwe chini ya godoro au mkeka, na mtoto asilale akiwa amegusana nacho, maana mbu huuma kupitia kitambaa. Mbu wa malaria hufanya kazi hasa usiku hadi alfajiri. Lakini likizo ya Pwani ina utamu wake: watu hukaa nje chini ya mwembe hadi saa nne za usiku, upepo unavuma, watoto wanacheza. Sisemi mtoto afungiwe ndani saa kumi na mbili. Mvalishe suruali ndefu na soksi jua likizama, umpake dawa ya kufukuza mbu miguuni na mikononi. Dawa yenye kemikali iitwayo DEET inafaa mtoto aliyezidi miezi miwili, ila usimpake viganjani, kwani ataviweka mdomoni, wala karibu na macho. Ile dawa ya kuchoma iliyojikunja kama konokono iwashwe nje au mlangoni, si chini ya kitanda cha mtoto mwenye pumu.

TEMBE ZA KUZUIA

Je, mtoto ameze dawa ya kuzuia malaria? Swali hili huulizwa kila siku, na mara nyingi huulizwa Ijumaa ilhali safari ni Jumamosi.

Kwanza tuondoe yaliyopitwa na wakati. Wazazi wetu walimeza Daraprim kila Jumapili, na klorokwini ilikuwa katika kila kabati. Vimelea vya Kenya vilishazizoea. Serikali iliacha kutegemea klorokwini mwaka 1998, ikahamia Fansidar na wenziwe, nazo zikachoka upesi. Tangu uamuzi wa mwaka 2004, tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali ni mseto wa artemetha na lumefantrini, ambao wengi huuita AL. Mseto huo ni wa kutibu. Kumpa mtoto tembe moja moja za AL “ili zimkinge” njiani ni kupoteza fedha na kuwafundisha vimelea ujanja.

Dawa za kuzuia zilizopo ni tatu. Doksisaiklini haifai mtoto wa chini ya miaka minane, tuiache. Meflokwini humezwa mara moja kwa juma, huanzwa majuma mawili au matatu kabla ya safari na huendelea majuma manne baada ya kurudi. Ni nafuu kwa mfuko kuliko ile ya tatu, lakini haipewi mtu aliyewahi kupata kifafa au degedege, wala mwenye maradhi ya akili. Ya tatu ni mseto wa atovakoni na proguanili, humezwa kila siku, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Hii haina usumbufu mwingi, ila bei yake humfanya baba wa watoto watatu ainuke kitini. Kipimo cha zote hutegemea uzito wa mtoto, na aliye chini ya kilo tano haipewi yoyote katika hizo.

Maoni yangu ni haya. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyezaliwa na kukulia Nairobi, anayekwenda kulala majuma mawili kijijini Kilifi, Kwale au Tana River, nitamwandikia dawa ya kuzuia, na chandarua juu yake. Mtoto anayekwenda kulala siku tatu katika hoteli ya Nyali yenye neti na nyavu madirishani, nitazungumza na wazazi, na mara nyingi tutakubaliana kutegemea chandarua na macho makali baada ya kurudi. Madaktari wengine wataandika dawa kwa wote wawili, nami sitawaita waoga. Mama mjamzito ninamwuliza kwanza kama safari ni ya lazima, maana malaria humdhuru yeye na aliye tumboni.

Kuna pia chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019 katika kaunti za magharibi karibu na Ziwa Victoria. Ni hatua kubwa, lakini chanjo hiyo iliwekwa kwa watoto wanaoishi kwenye malaria mwaka mzima. Hairuhusu msafiri wa juma moja aache chandarua.

NJIANI NA UFUONI

Tangu Juni 2017 wengi huenda kwa reli mpya kutoka Syokimau hadi Miritini, safari ya saa tano au sita. Sisi wa umri wangu tunalikumbuka gari moshi la usiku, tulivyokuwa tukiamka Mariakani madirisha yakiwa wazi na joto likituingia kama pumzi ya tanuri. Kwa mtoto mdogo, reli ina faida kwamba anaweza kutembea na kuna choo. Wanaokwenda kwa basi wasimpe mtoto vitu vya kukaangwa vya njiani Mtito Andei vilivyokaa tangu asubuhi. Bebeni ndizi, mkate na maji yenu. Wenye gari dogo, mtoto akae nyuma katika kiti chake kilichofungwa mkanda. Mapaja ya mama kiti cha mbele si mahali pa mtoto, hasa katika barabara ya Mombasa usiku.

Joto la Pwani humkausha mtoto upesi. Anayenyonya, chini ya miezi sita, anyonye mara nyingi zaidi na asipewe maji, hata bibi akisisitiza. Mkubwa apewe maji safi kila wakati. Madafu ni mazuri na sina ugomvi nayo, lakini mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, pamoja na tembe za zinki, na dafu si badala yake. Bebeni pakiti nne. Harara, vile vipele vya joto vya shingoni na mgongoni, havihitaji dawa: muogeshe maji ya baridi, mvue nguo nzito, na acheni poda. Watoto wenye ualbino wakae kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na wapakwe mafuta ya kukinga jua, wavae kofia pana na mikono mirefu, bila kubembelezwa.

Kuhusu bahari nina mawili tu. Watu wa bara hawajui maji kujaa na kupwa. Mnaenda ufuoni saa tatu, maji yako mbali, watoto wanaokota simbi kwenye vidimbwi. Baada ya saa chache maji yamerudi kimya kimya, na pale walipokuwa wamesimama panamfika mtu mzima kifuani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti huwa kubwa zaidi. Mwulize mvuvi au kijana yeyote wa hapo maji yanajaa saa ngapi, watakwambia bila saa. La pili ni ile mipira ya magurudumu inayokodishwa ufuoni. Hiyo ni ya kuchezea, haiokoi. Mtoto wa chini ya miaka mitano awe mahali ambapo mkono wako unamfikia, na mtu mzima aliyekabidhiwa awe mmoja kwa jina, kwa maana palipo na shangazi sita kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Akizama na kutolewa bila kupumua, usimning’inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpulizie pumzi mdomoni na puani mara moja, umkandamize kifua, mtu mwingine akiita msaada.

Akikanyaga vile viumbe vyeusi vyenye miiba kama nungunungu, mtumbukize mguu katika maji ya moto ambayo mkono wako mwenyewe unaweza kuyavumilia, kwa nusu saa au zaidi, kisha toa miiba inayoonekana.

HOMA BAADA YA KURUDI

Turudi kwa mbu, kwa sababu jambo linaloua ni hili la baada ya safari. Mbu akimuuma mtoto leo, vimelea huenda kwanza kwenye ini na kukaa humo kimya. Homa hutokea kwa kawaida kuanzia siku ya saba, mara nyingi kati ya siku ya kumi na ya kumi na tano, na wakati mwingine baada ya majuma kadhaa. Kwa hiyo mtoto huwa mzima wa afya Pwani yote, anarudi Nairobi akiwa mweusi na mnene, anaanza shule, kisha anaugua wakati familia imeshasahau safari. Homa yoyote katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kurudi ihesabiwe kuwa malaria mpaka damu ikatae.

Nayo haina alama yake ya pekee kwa mtoto mdogo. Huja kama kikohozi, kutapika, kuhara, au kukataa kula tu. Katika zahanati za mitaani mtoto kama huyo huambiwa ana taifodi, au mafua, na kama mlivyosoma hapo juu, nami niliwahi kusema mafindofindo. Sasa tazameni kinyume chake: mtoto ambaye hajatoka Umoja mwaka mzima akiwa na homa, mara nyingi huandikiwa dawa ya malaria bila kupimwa, na ugonjwa wake halisi, labda nimonia, ukaachwa. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutoulizwa swali la safari. Msipoulizwa, semeni wenyewe. Neno la kwanza mkiingia chumba cha daktari liwe, “Tulikuwa Pwani, tumerudi tarehe fulani.”

Dai kipimo cha damu siku hiyo hiyo, iwe kwa darubini au kwa kile cha haraka. Kikikosa kuona kitu na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, kwani vimelea huweza kuwa vichache mwanzoni. Mtoto akimeza dawa ya kuzuia bado anaweza kuugua, kwa hiyo hilo lisiwatulize. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa AL siku tatu, dozi sita: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha kila saa 12, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ili iingie vizuri mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi hiyo. Dozi ya tano na ya sita ndizo husahaulika, kwa kuwa mtoto tayari anacheza.

Ukiona mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, ameshikwa na degedege, anapumua kwa haraka, viganja vimekuwa vyeupe, macho ya manjano, au mkojo mweusi kama soda, usingoje asubuhi wala usitafute duka la dawa. Nenda hospitali yenye wadi na damu ya kuongezea.

Kwa homa yenyewe mpe panadol kwa uzito wake. Aspirini na brufen acheni, kwa sababu Pwani kuna pia denge na chikungunya, zinazoletwa na mbu wa mchana. Mombasa ilipata denge mwaka 2013 na chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, na katika denge dawa hizo zinaweza kumfanya mtu atokwe na damu.

Mtoto wa Kaloleni alipewa sindano za atesuneti kwenye mshipa, akaongezwa damu na sukari. Siku ya pili hakumjua mama yake. Siku ya tatu aliomba maji. Alikaa wadini siku sita, na kwa muda alikuwa akiyumba akitembea, kisha hilo nalo likaisha. Sasa yuko shuleni na anapiga kelele kuliko nduguze.

Novemba iliyopita mama yake alimleta. Hawe anataka kumwona mjukuu, na safari ni tarehe 20 Disemba. Kwa kuwa aliwahi kupata degedege, meflokwini haimfai, kwa hiyo tulichagua ile ya kila siku, na babake hakuinuka kitini. Mama alikuwa amekuja na kalenda ya bucha kutoka ukutani kwake. Tulitia alama siku ya kuanza, tukaunganisha kwa mstari hadi siku ya saba baada ya kurudi, kisha yeye mwenyewe akachukua kalamu, akafunua kalenda ya mwaka mpya iliyokuwa nyuma yake, na mwisho wa Machi akaandika: homa, damu.